Mafuta ya Shangazi Mwanatumu

Hapo zamani za kale, kabla sabuni haijapata jina, Simba alikuwa na mba. Sizungumzii hizo chembe zako mbili, wewe unayejikuna huko nyuma. Simba akitikisa kichwa, pukupuku, majani yote yanageuka meupe kama yamemwagiwa unga. Wanyama waliinama wakidhani mbingu inapukutika.

Mimi shule niliiachia darasa la sita, lakini hili halimo kwenye madaftari yenu, kwa hiyo tulieni.

Dawa ya Simba ilikuwa mafuta ya mnyama mnono. Kila juma alichinjwa mmoja, Fisi akayeyusha mafuta na kumpaka mfalme nywele za shingoni. Nywele zenyewe hazikuoshwa hata siku moja. Mafuta juu ya uchafu, uchafu juu ya mafuta. Na nyama iliyobaki ilikwenda kwa nani? Kwa Fisi. Sasa unafikiri Fisi alitaka mfalme apone?

Zamu ikawafikia pimbi, wale wadogo wa kwenye majabali. Fisi akapita akiwapima kwa macho, akamchagua Shangazi Mwanatumu, mnene kuliko wote. Kesho yake angechukuliwa.

Shangazi huyo alikuwa amemlea Pimbi mmoja yatima. Kila juma alimwosha kichwa kwa maji ya ndimu, kisha akampaka ute wa mshubiri uliomea pale pale kwenye ufa wa jabali. Pimbi hakuwahi kutoa hata chembe moja. Dawa aliijua. Lakini nani amwambie Simba kwamba hajui kuosha nywele? Nenda wewe.

Asubuhi Pimbi akatangulia peke yake, kibuyu mkononi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimeleta mafuta ya shangazi."

"Na shangazi mwenyewe?"

"Yuko nyumbani anapika. Mafuta ya pimbi hukamuliwa akiwa hai. Ukimchinja yanaganda humo humo."

Simba akasema hajapata kusikia jambo kama hilo. Pimbi akamjibu kwa upole kwamba ni kweli, maana kila aliyetaka kumweleza alichinjwa kwanza.

Kisha akataja masharti. Mafuta haya hayakai juu ya uchafu, kwa hiyo kichwa kioshwe kwa ndimu, na mfalme afumbe macho yasimwashe. Na lile chanuo analochania Fisi manyoya yake lisirudi tena kichwani mwa mfalme. Simba akamtazama Fisi. Fisi akatazama miguu yake.

Pimbi akapanda. Jamani, msitu mzima uliacha kupumua. Kiumbe mdogo kama sikio la Simba amekaa juu ya kichwa cha Simba, anakisugua kama sufuria, kwaru kwaru, na yule anayetetemesha milima amefumba macho kama mtoto anayeogeshwa! Twiga aliinama mpaka chini ili aone vizuri.

Ndipo Pimbi akapaka ule ute. Tone likadondoka, Fisi akaliramba.

"Bwana Mkubwa, haya si mafuta," akasema. "Ni machungu."

Jicho moja la Simba likafumbuka. Mkono wenye kucha ukapanda polepole mpaka alipokaa Pimbi. Huko juu, angekimbilia wapi?

"Ni machungu, ndiyo," Pimbi akasema. "Mlimwambia shangazi mtamchinja. Mlitaka awe mtamu?"

Kisha tumbo la Simba likaanza kutikisika, kicheko kikapanda, kichwa kikatikisika kulia na kushoto. Wanyama wote wakafumba macho wakingoja unga.

Haikuanguka hata chembe.

Siku ile ile ikapigwa mbiu kwamba mkono wowote usiguse pimbi. Na ili Shangazi Mwanatumu apunguze uchungu, Fisi akaamriwa amchotee maji kila siku. Kila siku akapanda na mtungi, hema hema, akiupita mshubiri bila kuuona.

"Weka hapo, mwanangu," shangazi alimwambia, "na usinimwagie."

Basi kaosheni vichwa, na mjue hili: anayekijua vizuri kitu kidogo anaweza kukaa juu ya kichwa cha anayetisha.