Kiuno cha Fundi Sindano

Adui wa mbali hupiga hodi. Wa karibu hana haja, amekwisha kuingia. Wazee waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wakimsema chawa peke yake. Walijua kwamba mtu anaweza kuzunguka huku na huko akitafuta kinachomdhuru, kumbe kimejikunja chini ya shati lake. Asiyeamini na asikilize habari za fundi cherehani mmoja, mkaidi asiyeambilika, ambaye kwa wembamba wake watu walimwita Sindano.

Sindano alikuwa wa pili kati ya ndugu watatu. Dada yao mkubwa alikuwa mwoka mikate, mwanamke wa mapande ya mikono, aliyebeba gunia la unga kama mwingine abebavyo mto. Kitinda mimba wao alikuwa mwalimu, na ndiye aliyekuwa hatarini. Figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alilala kando ya mashine ya kusafisha damu, na mshipa wa mkono uliotumiwa kwa kazi hiyo ulikuwa umewahi kuziba. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka kwamba apatikane ndugu wa kumpa figo moja, tena mapema.

"Nitatoa mimi," Dada akasema papo hapo.

Sindano akaangua kicheko. "Wewe, Dada? Kwa mwili huo? Wakikupasua wataitafuta figo mpaka wiki ijayo! Hebu nitazame mimi. Miaka kumi na tano mizani haijanisogezea hata kilo moja."

"Mdogo wetu anakwisha, na wewe unaleta mzaha."

"Basi tuachie sisi wenye miili myembamba."

Maneno hayo yalimchoma Dada, lakini hakutaka ugomvi wao umfikie mgonjwa.

Zahanati ya mtaani kwao ikampa Sindano fomu ya kwanza. Ilitaka urefu, shingo na kiuno, ili wakadirie asilimia ya mafuta mwilini, yaani katika uzito wote wa mtu, mafuta ni kiasi gani. Muuguzi alipochukua tepu, Sindano aliona kama ametukanwa. Yeye, aliyewapima nusu ya mji, leo apimwe! Akaenda na fomu dukani, akajipima mwenyewe pale pale alipowapimia wateja wake wa suruali kwa miaka ishirini: mshipi ulipokaa, chini ya kitambi. Inchi thelathini na mbili. Hakudanganya hata kidogo, jamani. Kwa fundi nguo, hapo ndipo kiuno kilipo. Fomu ikatoa jibu la asilimia kumi na sita, naye akaibandika ukutani juu ya cherehani.

Miadi ya hospitali kuu ilikuwa baada ya wiki sita. Mara mbili Dada aliomba naye apimwe, na mara mbili Sindano alimwelekeza kwenye karatasi ile. Nani angebishana na karatasi? Wiki ya tano mshipa wa mwalimu ukaziba tena. Wakamtia mpira wa kusafishia damu shingoni, homa ikampanda, na akaanza kuwaita wanafunzi wake walioondoka shuleni zamani.

Siku ya miadi ilipofika, Dada alimsindikiza. Muuguzi wa hospitali kuu, mama wa makamo mwenye miwani, alimwambia Sindano avue shati. Shati lile alilishona mwenyewe, pana mbele, kama mashati yake yote ya miaka ya karibuni. Tepu ikapita juu ya kitovu.

"Thelathini na nane na nusu," muuguzi akasoma.

"Sista, hapo si kiuno! Hapo ni tumbo!"

"Baba, wewe unapima suruali. Mimi napima mtu."

Akampandisha miguu mitupu juu ya mashine ya kupimia mafuta, yenye vishikio viwili. Namba zilicheza kidogo, zikatulia. Asilimia ishirini na nane.

"Mizani yangu haijabadilika!" Sindano akasema.

"Mizani hujumlisha tu. Umekaa kwenye kiti miaka yote, nyama za miguu na mikono zikapungua, mafuta yakachukua nafasi yake tumboni. Jumla ikabaki ile ile. Dada, hebu panda na wewe."

Dada akapanda. Ishirini na tisa.

"Haya! Si kanizidi?" Sindano akaropoka.

"Hajakuzidi. Mwanamke kaumbwa na mafuta zaidi, namba yake hiyo haitutishi. Kwa mwanamume, yako ni nyingi. Isitoshe, tazama, dada yako mikono yote ni misuli. Ila mashine hii hukadiria tu. Damu ndiyo itakayosema kweli."

Wote wawili wakatolewa damu, na damu ikasema. Daktari aliwaita baada ya siku mbili, akamtazama Sindano usoni. Sukari yake ilikuwa juu, na ini lilikuwa limeanza kujaa mafuta. "Figo zako unazihitaji mwenyewe," alisema. "Dada yako anafaa. Ningempata wiki sita zilizopita, ningelala usingizi. Sasa lazima kwanza tuishushe homa hii, na sina hakika mgonjwa atatungoja."

Sindano alilia kama mtoto, mbele ya watu. Dada hakumlaumu, na kutolaumiwa huko kulimuuma kuliko matusi.

Homa ilichukua siku tisa kushuka. Siku ya kumi waliingizwa chumba cha upasuaji, dada na mdogo wake, na Sindano akabaki kwenye benchi la mbao tangu asubuhi hadi alasiri, akishtuka kila mlango ulipolia. Hatimaye daktari alitoka, akavua kofia. Figo ya mwoka mikate ilikuwa inafanya kazi.

Siku ya tatu mwalimu aliweza kuzungumza. Hakuwa ameambiwa lolote. Alimwona kaka yake amesimama mlangoni, akamnyooshea mkono dhaifu.

"Kaka, niambie. Nilikaribia kufa. Nani alituchelewesha? Hospitali?"

Kusingizia kulikuwa rahisi, na hakuna ambaye angemkanusha. Sindano alipiga moyo konde, akafungua vifungo vya shati lake pana, kimoja baada ya kingine, mpaka tumbo likaonekana.

"Si hospitali, mdogo wangu. Ni mimi. Nilimcheka Dada kwa mwili wake, na ugonjwa nilikuwa nao mimi, nimeushonea shati nikaufunika. Nisamehe."

Mwalimu akaushika mkono wa kaka yake, akasema kwa sauti ya chini, "Basi tusitafute mchawi, Kaka. Kikulacho ki nguoni mwako."