Nguchiro na Ghala la Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba, mafiga na ujirani kama sisi, palikuwa na nchi moja yenye udongo mwekundu mzuri sana. Wenyeji wake walikuwa wafinyanzi. Mtawala wao alikuwa Nyati, mwenye pembe pana na sauti ya kutikisa kuta, na hakuna alichopenda kuliko kuona vyungu vikitoka.

Na vilitoka kweli. Kutwa nzima watu walipondaponda udongo, pu! pu! pu!, na moshi wa tanuru haukukatika. Vyungu vyote vilivushwa mto kwenda nchi ya Kiboko. Huko walivipenda, maana vilikuwa vizuri tena rahisi, wakavinunua kwa nafaka. Katika kila mzigo Nyati alichukua sehemu yake, akaitia katika ghala lake kubwa. Wafinyanzi nao walipata chao. Lakini ungeingia majumbani mwao ungeshangaa. Walipikia vyungu vyenye nyufa, walikula ugali kwa chumvi, na nafaka yao waliificha.

Mmoja wao alikuwa Nguchiro, mjane, mdogo wa umbo, macho hayatulii. Mumewe alipougua, alikwenda kwa Nyati kuomba nafaka kidogo ya kumpa mganga. Nyati alimjibu kwamba ghala ni la nchi, si la nyumba ya mtu. Mume akafa. Tangu hapo Nguchiro aliwapikia watoto wake uji mwepesi kama maji, na huku kihenge chake cha nafaka kimejaa mpaka juu. Watoto wakilia, aliwaambia, "Nikiugua mimi, nani atawatazama?"

Ng'ambo ya mto nako mambo yaliharibika. Wafinyanzi wa Kiboko walikosa wanunuzi, tanuru zao zikapoa, wakaenda kumlalamikia. Kiboko akaanza kumshuku Nyati. Vyungu rahisi namna hii, aliwaza, lazima vina jambo nyuma yake. Akatuma ujumbe kwamba watu wa Nyati wanaleta tu, hawanunui hata samaki mkavu mmoja. Nyati akajibu kwamba samaki hao wananuka. Basi Kiboko akaja akalala kivukoni, na mzigo wa kwanza uliofika akautupa mtoni. Chubwi!

Nyati akaita watu wote. Akawaamuru kuanzia siku ile kila nyumba inunue vyungu vipya, ishibe vizuri, na hata hao samaki wa Kiboko wanunuliwe. Wote wakaitikia, "Ndiyo, Bwana." Kisha wakarudi makwao, wakaficha nafaka mbali zaidi.

Maana kila mmoja alijiuliza: huyu ambaye hajatupa hata konzi moja, leo anataka tutoe akiba zetu kwa nini? Wengine walisema ghala lake limekwisha, sasa anatafuta zetu zilipo. Nyati alipotuma walinzi kunusa majiko, watu walikaanga kitunguu kimoja mlangoni, na ndani wakala ugali kwa chumvi kama kawaida.

Vyungu vikarundikana mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Kazi ikasimama. Na siku moja mtoto mdogo wa Nguchiro akaanguka kwa njaa, pembeni kabisa mwa kile kihenge kilichojaa. Nguchiro akateka nafaka, akampikia uji mzito. Alipomwona mtoto anafumbua macho, alilia kwa aibu. Akajua kwamba kilichofunga kihenge chake ni hofu, na mwenye kuiondoa hofu ile ni Nyati peke yake. Lakini Nyati hakuwa mtu wa kuombwa. Alikwisha kumwomba mara moja.

Basi akaenda kwa Nyati, akapiga magoti. "Bwana, watu hawanunui kwa sababu wanasema ghala lako ni tupu. Wanasema umeishiwa."

Nyati alikoroma kwa hasira. Akasema atalifungua mbele ya wote, waone wenyewe.

Nguchiro akaondoka, akavuka mto kwa kurukia mawe, akamfikia Kiboko. Akamwambia kwamba Nyati anafungua ghala lake, na kwamba watu wake wanasema halina kitu. Kiboko alimtazama kwa jicho moja, akamuuliza anapata faida gani kuyasema hayo. Nguchiro akajibu, "Usiniamini mimi. Njoo uone. Ukikuta limejaa, muulize ni la nani."

Siku ilipofika, watu walisimama mbali mbali, kila mtu akimtazama jirani yake. Kiboko naye akaja, maji yakimchuruzika. Nyati akasukuma mlango, kriii! Nafaka ilikuwa imefika darini.

Kiboko aliitazama nafaka, kisha akawatazama wafinyanzi na mbavu zao. "Nafaka yote hii, na watu wako wamekonda hivi? Basi hii si yao. Ni ya nani?"

Nyati hakukubali kudharauliwa mbele ya mshindani wake. Akanguruma, "Ni yao! Mgonjwa wao, mzee wao, yatima wao, wote wanakula humu!"

 Hakuna aliyewahi kuyasikia maneno hayo.

"Tumesikia, Bwana," akasema Nguchiro. "Na mgeni wetu amesikia."

Bibi Kobe, ambaye mikono yake haikuweza tena kufinyanga, akatoka kwenye kundi na kikapu. Akaenda polepole mpaka mlangoni, akasimama mbele ya zile pembe pana. Walinzi walimtazama Nyati. Kiboko alimtazama Nyati. Nyati akainamisha kichwa, na Nguchiro akarudi nyuma hatua kadhaa, tayari kukimbia. Kisha Nyati akasogea pembeni. Bibi Kobe akaingia, akajaza kikapu chake.

Hata hivyo watu hawakuamini mara moja. Walingoja waone. Swala alipougua, akapewa. Yatima wakapewa. Ndipo nyumba moja ikanunua chungu kipya, na nyingine ikapika kitoweo cha samaki mkavu, ikakuta ni kitamu. Kiboko naye akafungua nusu ya kivuko, huku bado akichungulia kila mzigo.

Baadaye Nyati na Kiboko walipozungumza, waligundua kwamba mtu mmoja ndiye aliyewakutanisha. Nyati akamwita Nguchiro. "Umenichezea."

"Bwana," akajibu Nguchiro, "kweli watu walisema ghala ni tupu, sikuyatunga mimi. Na yale ya mlangoni yalitoka kinywani mwako."

Nyati akamwacha aende zake, na ghala halikufungwa tena.

Kumbukeni basi, wanangu: anayeiogopa kesho haamrishwi kushiba leo, mwondoleeni hofu, atakula mwenyewe.