Siku Mikarafuu Iliponyamazishwa

“Ukinyamazisha mikarafuu, utaokota watu.” Bi Time aliyasema hayo bila kuinua macho kwenye karafuu alizokuwa akizichambua, baada ya kijana mmoja pale barazani kuwakemea wenzake waache soga wafanye kazi. Vijana wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Asili yake ni hii, akawaambia, na mikono isisimame.

Shaame alikuwa muuza duka kabla ya kupewa usimamizi wa shamba la Mzee Khatoro, huku huku Pemba. Mkarafuu hakuwahi kuupanda hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kusimama chini, na wachumaji wakishuka, ahakikishe wameokota karafuu zote zilizodondoka. Aliye chini haoni kitu ila majani. Husikia sauti tu. Na wachumaji walikuwa na desturi ya kupokezana hadithi moja mti kwa mti: huyu akisema kipande chake, anamwachia wa mti wa pili, mpaka izunguke shamba zima. Katikati ya hadithi mtu huchomeka habari za kazi, tawi gani bovu, mti gani una siafu.

Shaame hakuyasikia hayo ya matawi. Yeye alisikia vicheko. Walikuwa na hadithi ya fisi aliyepewa kulinda mbuzi, na kila walipocheka alikuwa na yakini kwamba fisi ni yeye. Akawa ananyata, anajibanza nyuma ya shina, anatega sikio. Hata kikohozi kilimtia shaka. Sauti iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya Kombo, naye Shaame akamweka moyoni: huyu ndiye anayetaka nafasi yangu.

Asubuhi moja akatangaza, “Ni marufuku kusema mtini. Atakayefungua mdomo, kesho asije.”

Kimya kikatanda. Shaame akafurahi kidogo, halafu kimya chenyewe kikaanza kumtafuna. Wamenuna? Wanapanga nini huko juu?

Adhuhuri watu wakashuka kwenda kuswali. Kombo hakuonekana.

“Katoroka na pakacha langu!” Shaame akafoka, akaenda mbio kumsaka mwizi wake. Alimkuta mwisho kabisa wa shamba, chini ya mti, tawi limemlalia, mguu umepinda, midomo imemkauka kwa jua.

“Umeanguka lini?” akauliza.

“Asubuhi.”

“Mbona hukuita?”

“Pumzi ilinikata, Bwana Shaame. Nikajipa moyo, zamu yangu ya hadithi ikifika watajua sipo. Kisha nikakumbuka hakuna zamu.”

Bi Mize, aliyekuwa akichuma mti wa jirani, akasogea mbele. “Tawi nililisikia likivunjika. Na ufa wake niliuona tangu jana, ningemwambia. Lakini nina watoto, bwana. Nilikiogopea kibarua changu.”

Shaame aliona haya, haya ya kweli, akaingiza bega lake pamoja na wenziwe wakambeba Kombo mpaka hospitali. Kombo alipona, ila mti hakupanda tena.

Msimu haujaisha, Mzee Khatoro akaja kulitazama shamba lake. Akakuta huko juu sauti zinapokezana na vicheko vinamwagika. Akakunja uso.

“Wanamsema nani hao?”

“Mimi,” Shaame akajibu.

“Nawe umesimama tu? Wanyamazishe!”

“Hapana, mzee wangu. Ukinyamazisha mikarafuu, utaokota watu.”