Friza ya Bi Harusi

Leo, ndugu zangu, nawapeleka buchani. Msitafute vikapu, hatuendi kununua nyama. Tunakwenda kumsikiliza mwenye bucha, maana katika kata ile hapakuwa na mtu mwenye hasira kumshinda yeye.

Alikuwa mtu wa mwili na wa sauti. Alipokata mfupa alimkata na mheshimiwa diwani. Kila pigo la shoka na neno lake. Kisa chenyewe kilikuwa kimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata: orodha ya fedha ambazo mheshimiwa alilipwa kwa safari za kikazi. Humo mlikuwa na lita arobaini za mafuta za kwenda kukagua kalavati, na kalavati lenyewe liko nyuma ya choo cha mheshimiwa. Mwenye bucha aliwauliza wateja: lita arobaini, alipitia nchi gani? Watu wakacheka, wakanunua nusu kilo zao, wakaenda nyumbani wamefurahi kwa kukasirika. Maana kukasirika pamoja nako ni burudani, au nasema uongo?

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Fedha zile zilitengwa kuezeka wodi ya wazazi pale zahanati. Wodi ilikuwa na kuta, na madirisha, na rangi. Juu ilikuwa na turubai. Mvua ikinyesha, muuguzi anazalisha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mwavuli. Na mkaguzi kutoka wilayani alikuwa anakuja Alhamisi kufanya mkutano wa hadhara. Likithibitika dai moja tu kuwa la uongo, yote yanafunguliwa, fedha zinarudi, bati zinanunuliwa. Lisipothibitika, jalada linafungwa.

Mwenye bucha alikuwa ameshaahidi mbele za watu kwamba Alhamisi atasema yeye.

Sasa, mle buchani kulikuwa na runinga ukutani, na runinga ile ilikuwa na kipindi kimoja tu: video ya sherehe ya kumuaga binti yake alipokuwa anaolewa. Asubuhi bi harusi anaingia ukumbini, mchana anaingia tena. Mwenye bucha hakuchoka kutazama. Alipenda hasa pale anaposimama mgeni rasmi, vigelegele vinapigwa, na vijana wanne wanaingia wamebeba friza nyeupe yenye utepe mwekundu.

Na mgeni rasmi alikuwa nani? Naona mmeshaanza kucheka. Ndiye huyo huyo, mheshimiwa diwani.

Friza ilikuwa zawadi ya binti. Ila nyumba ya mkwe ilikuwa bado haijavutiwa umeme, kwa hiyo baba akasema ikae buchani kwa muda. Mwezi uliofuata umeme ukafika kwa mkwe. Friza haikufika. Mkwe alipouliza, akaambiwa umeme wa buchani ulikuwa mkali, friza imeungua. Kumbe imejaa maini.

Jumatano alasiri akaingia mwalimu mstaafu kununua robo yake. Mama mtaratibu, aliyefundisha nusu ya kata, pamoja na mwenye bucha mwenyewe. Alikuwa amenakili orodha ya ubaoni kwenye daftari. Akawa anasubiri nyama huku anatazama runinga kwa adabu, kama sote tunavyotazama harusi za watoto wa wenzetu. Mara akavaa miwani. Akasogea. Nyuma ya kiti cha bi harusi palikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa herufi za dhahabu: jina la binti, na tarehe.

"Hebu isimamishe hapo, mwanangu."

Mwenye bucha akaisimamisha. Mheshimiwa akabaki mguu mmoja hewani, maana alikuwa anacheza.

"Tarehe kumi na nne," akasoma mwalimu. "Daftari langu linasema tangu tarehe kumi na mbili mpaka kumi na sita, mwezi huo huo, mheshimiwa alikuwa mkoani kwenye semina ya vyanzo vya maji. Amelipwa malazi, amelipwa chakula, amelipwa nauli. Sasa huyu anayecheza hapa ni nani?"

Mwenye bucha akatazama runinga. Akatazama friza.

"Labda aliomba ruhusa, mwalimu."

"Na friza nayo aliiombea ruhusa?" Mwalimu akapokea robo yake. "Ushahidi unao wewe, tena umetuonyesha mwaka mzima bila kiingilio. Kesho kautoe."

Siku ile shoka lilinyamaza mapema. Mwenye bucha alikaa juu ya kigogo chake akiwaza. Kabla ya friza, nyama iliyobaki jioni aliiuza kwa bei ya kutupa. Tangu friza ije, hajapoteza hata utumbo. Akisema, wataichukua iwe kielelezo. Akinyamaza, muuguzi ataendelea na mwavuli. Alimweleza mkewe, akitumaini kuonewa huruma. Mkewe akamkumbusha kwamba friza haikuwa yao tangu mwanzo, kwa hiyo hana cha kupoteza. Neno hilo halikumfariji hata kidogo.

Alhamisi ikafika, uwanja ukajaa. Mkaguzi, dada mmoja mpole mwenye kalamu kubwa, akafungua daftari alilopewa na mwalimu, akauliza kama yupo aliyemwona mheshimiwa katika kata hii tarehe kumi na nne ya mwezi ule wa semina. Ndugu zangu, watu mia tatu walikula pilau siku ile! Kwaya iliimba. Mshereheshaji alitaja jina la mheshimiwa mpaka sauti ikamkauka. Na wote walikuwapo pale uwanjani. Wakainamisha macho chini, utadhani kila mmoja kaangusha sindano.

Mwalimu mstaafu akasimama, akasema yeye hakualikwa kwenye sherehe, ila ameiona kwenye runinga, na mwenye runinga ndiye huyu. Macho ya watu mia tatu yakainuka. Mwenye bucha akasukumwa mgongoni, akasimama. Akafungua kinywa. Na kweli, alikuwa aseme. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Ndipo mheshimiwa, aliyekuwa amekaa meza kuu, akaomba nafasi ya kumsalimu tu.

"Baba bi harusi, habari za siku nyingi. Hivi ile friza, binti alishakuja kuichukua?"

Mkwe alikuwa safu ya tatu. Akainua kichwa taratibu.

"Mzee wangu," mkaguzi akauliza, "sherehe hiyo ilikuwa tarehe ngapi?"

Mwenye bucha akameza neno, likashuka kama mfupa.

"Mwanangu, mimi na tarehe hatupatani. Sikumbuki vizuri."

"Na video?"

"Ilifutika."

Mkaguzi akaandika, akafunga jalada, akapanda gari. Watu wakatawanyika. Na kabla hawajafika kwenye kona ya barabara, sauti moja ilikuwa imeshapanda juu ya sauti zote, nene, yenye uchungu wa kweli. Ilikuwa ya mwenye bucha. Alikuwa anawaambia wenzake, "Mmeona? Hawa watu wanalindana."

Chekeni. Hata mimi nilipoiandaa hadithi hii nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha.

Kwa sababu nani alimlinda mheshimiwa? Mkaguzi? Tulimlinda sisi, tena kwa vinywa vilivyonona kwa pilau. Hasira yetu ni ya kweli, sisemi si ya kweli. Lakini ina shimo moja, nalo lina ukubwa wa zawadi yetu. Tunamlaani anayechukua, tunampigia vigelegele anayeleta, na mara nyingi ni mkono mmoja. Je, umewahi kumuuliza mgeni rasmi, "Hiki umekitoa wapi?" Unaona aibu kumuuliza. Na mama anayejifungua chini ya turubai, huyo humwonei aibu?

Ngoja niseme na jambo la hapa kwetu. Wiki iliyopita kamati ya ujenzi ilinikabidhi barua niitie saini. Inamwalika mheshimiwa fulani kuwa mgeni rasmi katika harambee yetu ya vigae. Mwenyekiti, usiiname, sikulaumu. Nilipoisoma nami nilifurahi, nikaanza kuviona vigae viking'aa mpaka madhabahuni. Imo humu, katikati ya Biblia yangu, siku ya sita leo. Sijaitia saini, na sijathubutu kuichana. Baada ya baraka naomba mtu asitoke. Tutaisoma wote kwa sauti, kisha tuamue kama tuko tayari kumuuliza swali lile kabla hajapanda jukwaani, hata kama jibu lake litatuacha na sakafu ya udongo.

Tusimame tuombe.