Mgongo wa Mwanamke wa Shaba

Wapendwa, alikuwapo mchoraji aliyesifika kwa picha zake, hata wageni wakavuka mipaka kuja kuzitazama. Uzeeni akatamani kufanya sanamu ya shaba. Wachoraji wenziwe wakamcheka: "Brashi imemchosha mzee." Naye akaapa kuwanyamazisha.

Akafinyanga kwa nta, juu ya kiini cha udongo, mwanamke wa ajabu: mahali pa kichwa pana birika, na kifuani mlango mdogo, wazi nusu. Ndani ya mlango mna nini? Hata yeye hakujua, ndiyo maana aliupenda. Miezi minane alihangaika na upande wa mbele, ukucha kwa ukucha.

Fundi wa kuyeyusha na kusubu shaba alipokuja kuichukua, aliizunguka. Mchoraji akastaajabu. Picha haizungukwi, huyu anatafuta nini?

"Mzee, na huku nyuma?"

"Nyuma ni ya ukuta, fundi. Wewe subu."

"Naona umepangusia vidole. Na kisu umekijaribia hapa, nta imebaki nyembamba. Shaba itayachukua yote kama yalivyo."

"Nani atachungulia mgongo wa bibi huyu? Mumewe?"

Fundi akacheka, akaifunika nta kwa udongo, akaichoma. Nta ikayeyuka ikatoka, shaba ikamiminwa mahali pake.

Siku ya kuizindua, mchoraji alikuta sanamu imesimamishwa katikati ya ua, imelipa lango kisogo. Hapakuwa na ukuta nyuma yake. Kila aliyeingia alikutana kwanza na mgongo ule: mikwaruzo, mabonge, alama za gumba. Wenziwe wakasimama papo hapo. Mmoja akauliza kwa upole, "Mzee, hapa ulikusudia nini?"

Akamvuta fundi kando. "Lete tupa yako, usugue."

"Shaba ya hapa ni nyembamba kama ganda la yai, mzee. Nikisugua nitatoboa. Nilikuuliza ilipokuwa nta."

Je, sisi tuna nini cha kumcheka? Kila Jumapili tunaleta hapa upande mmoja, umepigwa pasi, unanukia. Lakini mkeo anakuona kutoka upande gani? Na yule dada anayekufulia nguo? Hao huingia kwa lango la nyuma. Na Mungu, wapendwa, hana ukuta wa kukuegemeza.

Msinijibu mimi. Nendeni mkawaulize hao, na watakalowaonyesha mlitengeneze leo, kungali mapema. Sisi bado ni nta, hatujatiwa motoni. Kidole kingali kinazama.