Aliyeikandia Nyumba Aliyoitaka

Ndugu zangu, hili sikusimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe, nilipanda ngazi na hao wanunuzi wa nyumba, nikasimama kwenye mlango wa jikoni, na kwa macho haya hakuna kilichonipita.

Kulikuwa na bwana mmoja, mke na watoto watano, wamebanana kwenye vyumba viwili vya kupanga. Akasikia kuna mama mjane anauza nyumba yake ya ghorofani, katikati ya mji, vyumba vitatu na sebule ya kutosha familia. Wakiwa kwenye ngazi akamfunda mkewe: "Ukiona kizuri, nuna. Mnunuzi akicheka tu, bei inapanda."

Wakafunguliwa. Mke akaona jua limejaa jikoni, neno likamtoka, "Jamani!" Mume akamkanyaga mguu.

Mama akataja bei. Na mimi bei za mjini nazijua kuliko madalali: ile ilikuwa bei ya haki. Bwana naye aliijua, mtaa mzima alikuwa ameshauulizia. Lakini akasonya.

"Mama, kwa nyumba hii? Ukuta una ufa huu!"

"Si rangi tu imebanduka, baba?"

"Rangi! Nguzo imechoka hiyo. Na unyevu huu, mtoto akilala hapa, mwezi hauishi kifua kimembana."

Mama akapunguza. Bwana akakandia choo. Akapunguza tena. Akakandia roshani, eti siku moja itaanguka na mtu. Mnadhani alitosheka? Nani aliyepunguziwa akatosheka?

Yule mama akakaa, akashika tama. Kisha akainuka, akafunga funguo zake kwenye pindo la kanga.

"Nisamehe, baba. Nimeishi humu na marehemu miaka yote, sikujua nyumba imeoza hivi. Siuzi."

"Ah, mama, si tunaongea tu..."

"Niwalaze watoto wako kwenye nyumba ya kuwaua? Mungu ataniuliza."

Jasho likamtoka bwana. "Mama, nyumba haina neno. Nzima kabisa!"

Mama akamtazama, wala hakukasirika. "Sasa baba, nikuamini lini? Pale mwanzo, au sasa hivi?"

Mke wake akageukia ukuta.

Na sisi je? Nani humu anyooshe mkono, aseme yeye hajakandia? Binti wa watu tumeshampenda, lakini siku ya posa tunamtia kasoro ili mahari ishuke. Fundi kamaliza kazi safi, tunakunja uso ili tumlipe nusu. Tunaita ujanja wa mjini. Yule mama hakuujua huo ujanja. Alidhani neno la mtu ni neno. Aibu yetu ndiyo hiyo, wapendwa: siyo kwamba tumegunduliwa, bali kwamba tuliaminiwa.

Kesho yake bwana alirudi, akapiga magoti mlangoni: "Mama, nilidanganya. Niuzie kwa bei yako ya kwanza." Mama akafungua pindo, akampa funguo.

Naona mnatabasamu, mnasema amina. Basi ngoja niseme kweli. Mengine yote niliyaona, ila hapo pa kurudi nimetia mimi, kwa sababu nilitamani iwe hivyo. Hakurudi. Watoto bado wanalala kwa kupishana vichwa na miguu, na nyumba ile angeweza kuinunua. Ila kusema "Mama, nilidanganya" aliona ni ghali mno.