Jina la Kuandikwa Mgongoni mwa Bajaji ya Nyamizi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya mababu. Ni zamani ya juzi juzi hapa, simu za kugusa zilipokwisha kuingia hadi mifukoni mwa wabeba magunia. Hapo ndipo paliondokea mjini Nzega mama mmoja aitwaye Nyamizi.

Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne na shamba la karanga. Nyamizi akalima, akavuna, akalima tena. Akafanya hivyo miaka sita, na mwaka wa saba akanunua bajaji ya njano. Akaiendesha mwenyewe. Watoto wakala kwa bajaji hiyo, wakavaa kwa bajaji hiyo, wakasoma kwa bajaji hiyo. Ikipotea hiyo, basi wanarudi wote watano shambani kuanza upya, na mgongo wa Nyamizi haukuwa tena ule wa miaka sita nyuma.

Sasa kijiwe cha bajaji cha pale sokoni kilikuwa na desturi yake. Nyuma ya kila bajaji huandikwa jina moja: la mtu aliyemtendea mwenye bajaji wema mkubwa kuliko wote. Likishaandikwa halifutwi, na mwenye jina hupanda bure maisha yake yote. Watu waliliringia jambo hilo kuliko cheti cha ndoa. Bajaji ya Nyamizi peke yake ndiyo iliyokuwa tupu. Wenzake wakimtania, anawajibu kwamba mtu mwenyewe hajamwona bado, na mgongo wa bajaji yake si ukuta wa choo cha stendi uandikwe na kila apitaye.

Kando ya kijiwe palikuwa na kibanda cha Mihayo, fundi simu. Kibandani humo watu huchaji simu zao, na wakingoja chaji hucheza gemu. Gemu lenyewe ni la ujambazi, nanyi mnalijua, msijifanye watakatifu. Ni la bure, unapakua tu. Unajikuta katikati ya jiji kubwa lenye maghorofa na bahari, na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Gari ulipendalo ni lako, unamvuta dereva nje unaondoka nalo. Ukichoka na gari unachukua helikopta. Polisi wakikufukuza, nyota zinajaa juu ya kioo cha simu, lakini ukiingia gereji ukabadilisha rangi ya gari, nyota zote zinafutika na polisi wanakupita kama hawakujui. Na ukigongwa ukafa, unaamkia hospitalini mzima.

Nami nimelicheza, sikatai. Mtu asiye na hata baiskeli akajikuta anaruka na helikopta juu ya jiji, raha hiyo usimcheke. Ila lina yake. Simu inapata moto mpaka ungeweza kuipigia pasi. Chaji inaisha. Kila ukikaribia kuponyoka linakatiza tangazo, na tangazo halina haraka. Ukiinua macho, jua limekwisha kuzama na unga wa watoto hujanunua.

Aliyeliweza kuliko wote alikuwa Mihayo, na mwanafunzi wake alikuwa kijana mmoja, Masanja. Masanja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiye na kazi, aliyekaa kibandani tangu kinafunguliwa hadi kinafungwa, akiiba magari elfu kwa siku bila kuinuka kwenye kigoda. Mtu akiyafanya hayo miaka miwili, kuna siku mkono unamwasha.

Siku hiyo ikafika. Saa saba mchana Nyamizi aliingia kwa mama ntilie kula ugali, akaacha funguo kwenye bajaji kama walivyozoea wote pale kijiweni. Masanja akatazama bajaji zilizopangwa. Zote zina majina, na jina halifichiki. Moja tu haina. Akapanda, akawasha, akaondoka nayo taratibu kama mwenye mali.

Nyamizi alitoka na ugali mkononi, akakuta pamebaki doa la mafuta. Aliketi chini pale pale penye doa, akatazama barabara. Uchungu wa mtu kuibiwa jasho lake nauogopa kuliko radi, maana radi hupiga mara moja.

Madereva wakatawanyika, huyu njia ya Tabora, huyu ya Igunga, huyu ya Kahama. Mihayo hakukimbia popote. Alikitazama kigoda cha Masanja kikiwa kitupu, akafikiri, kisha akamwinua Nyamizi kwa mkono.

"Mama, haendi mbali," akasema. "Yule anadhani ana nyota kichwani. Amekwenda kupaka rangi."

Wakakodi pikipiki, wakapanda wote wawili nyuma ya dereva, mbio kuelekea gereji ya rangi iliyo mwisho wa mji, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga.

Na kweli, Masanja alikuwa huko. Pale gereji palikuwa na dada mmoja, Kabula, fundi wa kupaka rangi. Tajiri wake alikuwa ametoka kwenda kununua tina ya kuchanganyia rangi, yeye amebaki peke yake. Masanja akamwambia apake rangi ya kijani, haraka. Kabula akachungulia ndani, akaviona viti vimevikwa kitenge cha maua mekundu chenye kushonwa kwa mkono. Alikuwa amekwisha kukikalia kitenge hicho mara nyingi. Akajua bajaji ni ya nani, na akajua mwenyewe hakumkabidhi kijana huyu.

Angefanyaje? Akikataa, kijana anaondoka. Akipiga simu, kijana anasikia. Akamwona Masanja anaibonyezabonyeza simu yake iliyozima, imemalizwa na gemu tangu asubuhi. Basi Kabula akatoa simu yake mwenyewe, ile moja aliyokuwa nayo, akamwambia rangi nzuri inataka subira, na humo ndani lipo lile gemu la magari, acheze.

Masanja akapokea. Akainama. Kabula akapiga msasa polepole, akabandika magazeti kwenye taa za nyuma polepole, akapaka nyuma yote kijani polepole. Tangazo likaja, Masanja akalingoja. Tangazo la pili likaja, akalingoja nalo. Nusu saa ikapita na mwizi wa bajaji ya kweli ameketi juu ya debe, anaiba magari ya kwenye kioo cha simu.

Pikipiki ikafika. Nyamizi akaiona bajaji yake, njano mbele, kijani nyuma, akapaza sauti, "Bajaji yangu." Masanja akaitupa simu, akarukia usukani, akawasha, akaelekeza getini kwa kasi yote. Mbele yake ni barabara kuu yenye malori.

Wakati huo Mzee Shija, mbeba magunia wa mashine ya mpunga, alikuwa anapita mbele ya geti na gunia begani. Yeye hata simu hana. Akaisikia sauti ya mwanamke, akaiona bajaji inakuja, akalitua gunia. Kisha akasimama katikati ya geti, mikono ameitanua. Bajaji ikaja, ikaja, watu wakafumba macho.

Ikasimama. Kati ya gurudumu na magoti ya mzee palibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Dereva wa pikipiki akamkamata Masanja kabla hajashuka.

Ndugu zangu, shangwe ya siku ile Nzega haijapata kuisikia tena. Nyamizi aliirudisha bajaji yake mjini yeye mwenyewe, rangi mbili, nzi wamenasa kwenye kijani, analia na kucheka kwa pamoja. Madereva waliotawanyika wakarudi, wakajipanga nyuma yake, honi zote zinapigwa kwa mkupuo. Wanawake wa sokoni wakaacha mizani, wakapiga vigelegele. Masanja aliketi kiti cha nyuma cha bajaji ile ile, amebanwa kati ya madereva wawili, akingoja kupelekwa kituoni.

Walipofika kijiweni, Nyamizi akasimama juu ya kreti, akatangaza kwamba leo mtu mwenyewe amepatikana, na jina litaandikwa kabla ya jua kutua. Kabula alikuwa amekuja na brashi na rangi nyeupe. Hapo ndipo maneno yakaanza.

Mihayo akasema, "Andika Mihayo. Wote walikimbilia barabarani, mimi nilijua alipo. Miaka miwili mke wangu ananiambia napoteza maisha yangu kwenye gemu. Leo gemu hilo limekurudishia yako."

Kabula akasema, "Andika Kabula. Kujua alipo ni maneno. Aliyemshika asiondoke ni mimi, peke yangu, nikiwa nimempa simu yangu na sina wa kumwita. Tena muulizeni Mihayo ni nani aliyemfundisha kijana huyu kwamba rangi inafuta wizi."

Mihayo akainamisha macho, kisha akamkumbusha Kabula kwamba na yeye ameipaka rangi mali ya wizi, na kijani kile hakitoki. Wakaanza kupandishiana sauti. Mzee Shija akakohoa, wakanyamaza.

"Andika Shija," akasema taratibu. "Dada Nyamizi, mimi sikujui, bajaji yako sijawahi kuipanda. Mihayo na Kabula wangekosea, ungekosa bajaji. Mimi ningekosea, wangu wangenizika. Kwenye mchezo wao mtu akigongwa anaamka. Mimi nisingeamka."

Watu wakaitikia kwa kishindo, hilo limekwisha, andika Shija. Kabula akachovya brashi. Ndipo sauti ndogo ikatoka ndani ya bajaji.

"Andika Masanja."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na wengine wakamsogelea kwa hasira. Masanja hakuinua kichwa. Akasema, "Nimeiba, nipelekeni, sikatai. Lakini nimegonga watu kwenye kioo miaka miwili, sikumbuki hata mmoja. Leo nilimwona mzee macho yake. Njia ilikuwa wazi pembeni mwake, ningemgusa tu kidogo nikapita, na bajaji hii msingeiona tena. Ni mguu wangu uliokanyaga breki."

Wakazidi kucheka. Mzee Shija akainua mkono, kicheko kikakatika.

"Hajasema uongo," akasema mzee. "Mimi nilisimama tu. Aliyeisimamisha bajaji ni yeye."

Nyamizi akashuka kwenye kreti. Akamtazama Mihayo, aliyejua na aliyefundisha. Akamtazama Kabula, aliyechelewesha na aliyepaka. Akamtazama Shija, aliyetanua mikono. Akamtazama Masanja, aliyeiba na aliyekanyaga breki. Mgongo wa bajaji una nafasi ya jina moja tu, na likishaandikwa halifutwi. Rangi nyeupe inadondoka kwenye brashi.

Haya, ninyi mliokaa hapa mnanisikiliza: brashi i mkononi mwenu. Je, nani alistahili?